Hatua Tano Chini

Mjomba wangu alipoteza sauti kidogo kidogo, kwa muda wa miezi tisa, na watu wawili waliompenda kuliko wote waliiona ikienda wakanyamaza. Mmoja ni rafiki yake, Sponji. Wa pili ni mimi.

Mjomba alikuwa fundi wa kupiga rangi magari. Ndiye aliyenilea tangu mama yangu, dada yake, alipofariki nikiwa darasa la tatu. Hakuoa. Alikuwa anasema hakuna mwanamke atakayekubali kufua ovaroli yenye rangi saba, lakini mimi najua chumba ambacho angemwekea mke alinipa mimi. Akanisomesha mpaka nikamaliza la saba. Baadaye niliolewa, nikajifungua, mume wangu akapata kazi mbali, nikarudi kwa Mjomba na mtoto mgongoni. Alikuwa anapiga msasa mlango wa gari pale uani. Akainua macho akasema, "Umerudi na mgeni. Karibuni ndani." Hakuuliza zaidi.

Siku aliyopiga gari rangi ya bluu alirudi na nyusi za bluu. Kitambaa alichojifunga puani kilikuwa kigumu kama kadibodi kwa rangi. Alinawa kwa mafuta ya taa kwanza, kisha sabuni ya kipande, na muda wote anaimba. Rege ya zamani tu, nyingine hakutaka. Maneno ya nyimbo zile aliyashika kwa sikio kwenye kaseti enzi za ujana wake, na mengine nadhani hata waliozitunga wasingeyatambua. Lakini akiimba ulijua ni wapi pa kuhuzunika. Sauti yake ilikuwa nyembamba kidogo kwa mwanaume, safi, na palipokuwa na kilima katika wimbo alikipanda bila kukimbia.

Wakati fulani walikuwa bendi ya watu saba. Mpiga ngoma alikufa. Wa kinanda aliokoka, akauza kinanda. Wapuliza tarumbeta wawili walihama mji. Wa gitaa alikatwa vidole viwili na mashine ya kuranda mbao. Akabaki Mjomba na sauti yake, na Sponji na gitaa la besi.

Sponji ni fundi sofa. Jina walimpa watu wa mtaani kwa sababu nywele zake hazikuwahi kukosa vipande vya sponji. Gitaa lake alilishonea mfuko mwenyewe, kwa kitambaa cha maua kilichobaki kwenye kiti cha mteja. Mjomba akimwona anaingia nalo begani alikuwa anasema, "Umemvalisha mkeo pazia la watu tena?" Na Sponji anajibu, "Mke wangu angalau ana nguo. Wako yuko wapi?" Ndivyo walivyosalimiana kila Jumamosi na kila Jumapili alasiri, miaka yote ninayoikumbuka.

Niliwahi kumwuliza Mjomba kwa nini wasitafute vijana wa kujaza nafasi za wale waliopotea.

"Nyama imeliwa, mama," akanijibu. Aliniita mama kwa sababu nina sura ya dada yake. "Sasa tuone kama mifupa inasimama."

Ilisimama. Besi ilikuwa inatembea kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani, hatua, hatua, anasimama kidogo, hatua. Pale anaposimama ndipo Mjomba anaingia. Hapakuwa na kitu kingine. Katikati ya wimbo uliweza kusikia birika likianza kuchemka jikoni, na wimbo haukuharibika.

Wazo la kurekodi lilikuwa la Mjomba. Alichagua nyimbo nane za zamani, zile walizozicheza wakiwa saba, azirekodi kwa sauti na besi tupu, iwe kumbukumbu ya wenzao na ya waimbaji wa kale waliowafundisha kupitia kaseti bila kujuana nao. Bendi ilikuwa na kaseti moja tu, na humo Mjomba alisikika kwa mbali, nyuma ya tarumbeta. "Nataka huyu mtoto siku moja anisikie bila makelele ya watu," alisema. Mwanangu alikuwa na mwaka na miezi miwili. Alikuwa amekaa chini, anakula karatasi.

Wakaanza mazoezi sebuleni kwetu. Sebule yenyewe ni ndogo, viti viwili, meza, na kabati la vyombo lenye milango ya kioo. Kioo cha kushoto kilikuwa kimelegea. Kila Sponji alipopiga uzi wa juu kabisa, ule mnene, bila kuubana, kioo kilitetemeka na kulia. Mwanangu aligundua hilo kabla yetu. Akawa anatambaa mpaka kwenye kabati, anaweka kiganja kwenye kioo, anangoja. Kikilia anacheka mpaka anakaa chini kwa makalio. Mjomba alikuwa anaimba huku anamtazama, na mara nyingine ilibidi asimame acheke kwanza.

Sasa nifike pale kosa lilipoanzia.

Jumamosi moja, mwanzoni mwa mvua, Mjomba alifika kwenye kilima cha wimbo wa tatu sauti ikakatika. Akakohoa. Akarudia, ikakatika tena. Nilimwona Mjomba akitazama vidole vyake, akavifuta kwenye suruali ingawa vilikuwa visafi. Sponji akasema haraka, "Ni mimi. Hili gitaa limepata unyevu, nyuzi zimejikaza." Akainama, akazungusha yale masikio ya gitaa manne, yanayokaza na kulegeza nyuzi, kidogo tu. Wakaanza upya. Mjomba akapanda kilima chake vizuri kabisa, akamaliza anatabasamu.

Mwanangu alikuwa ameweka kiganja kwenye kioo. Kioo hakikulia. Akakipiga kofi, akanigeukia kama anayeshtaki.

Wiki chache baadaye nilikuwa bombani, namwogesha mtoto, nikamwona Sponji amesimama kwenye korido kabla hajabisha hodi. Gitaa limetoka kwenye mfuko, sikio lake amelibandika kwenye mbao, anazungusha masikio taratibu kwa mkono wa kulia. Akaniona.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu." Akainua sikio kwenye mbao. "Mwenzangu ana mafua, nalegeza nyuzi wimbo ushuke, kilima kisimshinde. Yakiisha nitazirudisha nyuzi mahali pake. Usimwambie, atajisikia vibaya."

Nikasema sawa.

Mafua hayakuisha. Sponji alishusha tena, na tena. Nyuzi zilipolegea sana zikaanza kupigapiga mbao, akakata kipande cha sponji ya sofa akakichomeka chini yake karibu na daraja la gitaa, pale nyuzi zinapoishia, mlio ukawa mzito na mfupi, kama mtu anagonga godoro. Mjomba akausifia. "Umeanza kuzeeka vizuri," alimwambia. Kioo cha kabati kilikuwa kimenyamaza kabisa, lakini sasa kifuniko cha ndoo ya bati pale mlangoni kikawa ndicho kinacholia. Mtoto alikuwa bado anakwenda kwenye kioo kwa mazoea. Mimi nikawa namnyanyua namhamishia kwenye ndoo. Nilifanya hivyo bila kusema neno. Mikono yangu ilikuwa inajua.

Nyumbani niliona mengine. Asubuhi sauti yake ilitoka kama mlango wenye kutu. Mkate aliuchovya kwenye chai mpaka ulainike, yeye aliyekuwa anacheka watu wanaochovya. Usiku alilala kwa mito miwili. Siku moja nilipokuwa nampa chai nikamwambia, "Mjomba, si uende wakakutazame koo?"

"Ni rangi tu hii. Nimeivuta miaka thelathini."

"Lakini imekaa muda mrefu."

Akaweka kikombe chini. Hakukasirika, alitaka nielewe. "Mama, sikiliza. Kila Jumamosi naimba wimbo uleule, kilima kilekile, na nakifika. Koo bovu lingefika? Mimi sina haja ya kipimo cha daktari. Kipimo changu ni Sponji."

Nilikuwa nimeshika sufuria ya chai. Ningeweza kusema pale pale. Neno lilikuwa mdomoni, nakumbuka hata lilivyokuwa. Nikamwongezea chai.

Studio ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la simu. Aliyekuwa akirekodi ni dada mmoja wa umri wangu, ana vipokea sauti shingoni kama mkufu, mpole sana. Kuta alikuwa amezibandika sponji. Sponji akaibonyeza kwa kidole akasema, "Hii ni ya godoro bovu. Ungeniita mimi."

"Mzee wangu, siku nikijenga studio ya pili nitakuita," dada akajibu. Tukacheka wote. Ndiyo mara ya mwisho nakumbuka tukicheka pamoja, mimi, Mjomba na Sponji.

Tulikuwa tumempelekea kaseti ya bendi mapema ili ajue mwendo wa nyimbo. Akamvalisha Mjomba vipokea sauti, akasema atampigia kaseti kidogo ashike mwendo, kisha ataizima waanze. Mjomba akafumba macho. Akaanza kuguna na kaseti. Akaacha. Akaguna tena, akakunja uso.

"Kaseti yako inakimbia," akasema. "Iko juu."

"Haikimbii, mzee. Nimeipima kwa mashine."

"Inakimbia, dada yangu. Wimbo huu naujua kama mlango wa kwangu."

Dada hakubishana. Akachukua kidude kidogo cha kupimia nyuzi, akakibana kwenye kichwa cha gitaa la Sponji, akamwomba apige uzi mmoja mmoja. Taa ya kidude ilibaki nyekundu. Uzi wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne.

"Kaseti iko sawa," akasema kwa upole. "Ni gitaa liko chini. Nyuzi zote, hatua tano. Wengi wanashusha siku hizi, siyo vibaya. Mnataka tubaki hivi?"

"Tubaki hivi," Sponji akasema.

Mjomba alivua vipokea sauti. Alimtazama Sponji, akanitazama mimi, akarudi kwa Sponji. Mtoto alikuwa amelala mgongoni kwangu, nilimsikia anavyopumua.

"Pandisha," Mjomba akasema.

"Achana nazo bwana, tuimbe."

"Nimekwambia pandisha."

Sponji akachomoa kile kipande cha sponji chini ya nyuzi, akakitia mfukoni. Akakaza. Ilichukua muda. Kidude kikawaka kijani mara nne. Akaanza wimbo wa tatu, na besi ikatembea kama zamani, juu, nyepesi. Mjomba akaingia mahali pake. Mstari wa kwanza ulitoka nusu. Alipofika kwenye kilima akafungua mdomo, mishipa ikasimama shingoni, na kilichotoka kilikuwa hewa tu, kama baiskeli inayopungua upepo.

Sponji akasimamisha vidole.

"Tangu lini?" Mjomba akauliza.

"Tangu mvua za mwaka jana."

Mjomba akatikisa kichwa mara kadhaa, polepole, akamshukuru yule dada kwa muda wake, akatoka nje.

Hospitali walimwingiza kamera ndogo puani, wakakata kipande kidogo cha nyama kooni wakakipeleka maabara, tukaambiwa turudi baada ya wiki mbili. Daktari alikuwa mama wa makamo, kalamu yake ilikuwa inakwaruza. Alisema ni saratani, iko kwenye kisanduku cha sauti, imeshika pande zote mbili, na tezi za shingo amezigusa, hakuridhika nazo. Kisanduku kitatolewa chote. Kisha akauliza maswali ya fomu. Kazi yake. Kama anavuta.

"Nimevuta rangi," Mjomba akasema.

"Sauti ilianza kubadilika lini?"

Mjomba akaelekeza kidole kwa Sponji, aliyekuwa amekaa kwenye benchi ukutani, amekumbatia kofia. "Muulize huyu. Yeye ndiye aliyekuwa na kipimo."

Sponji akasimama kama mwanafunzi. Akataja yote. Mara ya kwanza Jumamosi ile ya mvua, hatua moja. Wiki sita baadaye, hatua ya pili. Mwezi wa nne ya tatu. Mwezi wa sita ya nne, na wakati huo ndipo alipoweka sponji. Ya tano wiki mbili kabla ya studio. Daktari aliandika kila kitu. Alisema hajawahi kupata mgonjwa mwenye tarehe zilizonyooka namna ile. Kisha akaweka kalamu chini, akasema, bila ukali, kwamba mtu akija wakati wa ile hatua ya kwanza mara nyingi huchomwa mionzi tu na kurudi nyumbani na sauti yake.

Nje mtu alikuwa anasukuma kitanda chenye gurudumu linalolia.

Upasuaji ulipangwa baada ya siku kumi.

Tulipofika nyumbani nilimfuata Mjomba chumbani kwake, nikapiga magoti nikamwambia, "Mjomba, na mimi nilijua." Nikamweleza korido, bomba, na nilivyoitikia sawa.

Alikuwa anavua viatu. Akavua kimoja, akakishika. "Kumbe ndiyo maana ulikuwa unamhamishia mtoto kwenye ndoo," akasema. Akavua cha pili. "Nenda kamlishe mwanao."

Siku tatu hakuongea nami zaidi ya mambo ya maji na chakula. Sponji alikuja kila alasiri, akakaa kwenye benchi nje na mfuko wake wa maua, jua likipungua anaondoka. Siku ya nne Mjomba akafungua mlango.

"Unafanya nini hapa?"

"Nimekaa."

"Kaa ndani basi, unawapa watu cha kusema."

Sponji akaingia. Akasimama katikati ya sebule. "Nilidhani nakubeba," akasema.

"Ulinibeba." Sauti ya Mjomba ilikuwa imebaki kama msasa kwenye bati. "Ukanipitiliza kituo."

Sponji akalia. Sijawahi kumwona mtu mzima akilia hivyo, mdomo wazi bila kelele. Mjomba alimwacha amalize. Kisha akamwambia ashushe zile nyuzi zirudi chini, na asiishie kwenye tano, aende mpaka pale watakapokutana. "Safari hii nishushe nikiona," akasema.

Wakarudi studio zikiwa zimebaki siku mbili afanyiwe upasuaji. Kati ya nyimbo nane zilipatikana tatu. Ziko chini sana, hatua saba, na sauti ina makwaruzo, na mahali pengine anakohoa. Kwenye wimbo wa nne alifika kilima akapunga mkono, wakaishia hapo. Dada akauliza kama azikate zile sehemu za kukohoa. "Ziache," Mjomba akasema. "Asije akadhani nilikuwa malaika." Alikuwa anamsema mwanangu.

Alitoka hospitali na tundu shingoni na daftari la mistari lenye penseli iliyofungwa kwa uzi. Nilijifunza kusafisha lile tundu, kulifunika kwa kitambaa chepesi, kulala nikisikiliza. Wenzake wa gereji walimletea salamu na kopo la rangi ya bluu, akapiga rangi milango ya nyumba yote, mdomo umefungwa kwa kitambaa kipya. Penseli haikumtosha kutania. Aliandika polepole, na utani ukifika umechelewa haufai.

Wiki ya tatu Sponji akaja Jumamosi, saa ileile. Akasimama mlangoni na mfuko begani, akangoja aambiwe kitu kuhusu pazia. Mjomba akamwonyesha kiti. Sponji akatoa gitaa, nyuzi zikiwa bado zimelegea kama walivyoziacha studio. Mjomba akaandika kwenye daftari, akanipa nisome.

"Anasema pandisha," nikasema.

"Zote?"

Mjomba akanyoosha vidole vinne.

Sponji akakaza mpaka zikafika zilipokuwa zamani. Kipande cha sponji hakukiweka. Akapiga ule uzi mnene, na kioo cha kabati, cha upande wa kushoto, kikatetemeka na kulia. Mwanangu sasa alikuwa anatembea. Alikuwa amesimama kwenye ndoo, akageuka, akakimbilia kabati, akaweka kiganja. Mjomba akanyanyuka kwenye kiti kwa shida, akaenda, akaweka chake juu ya kile kidogo.

Saratani iliendelea kwenye zile tezi za shingo. Aliishi miezi saba baada ya hapo, na hakuna Jumamosi ambayo Sponji hakuja, hata zile za mwisho alizocheza akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Mlango wa kabati niliung'oa nikauegemeza ukutani karibu na mto wake, kiganja kiufikie. Mjomba alikuwa anafungua mdomo pale anapotakiwa kuingia. Sponji alikuwa anasimamisha vidole, anauacha mstari mzima upite kwa urefu wake uleule, halafu anaendelea.